Dau Fu Fa Haifungiki Katoni

Nilikwenda Sham Shui Po, mtaa wa Hong Kong, kutafuta vifungo, na nikakutana na dau fu fa, chakula laini cha soya. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba mimi ni miongoni mwa wale wanaopanda ndege kwa ajili ya kufuata chakula. Mimi ni fundi wa nguo, nina chumba cha kushonea Mombasa, hatua chache kutoka Biashara Street, na safari yangu ya Hong Kong ilikuwa ya zipu, lesi, utepe na vile vifungo vya lulu bandia ambavyo maharusi wa siku hizi huvidai vishuke mgongo mzima wa gauni. Mwenyeji wangu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama kwa baba na mama, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akija huku kununua simu na vipuri vyake, na ambaye kila afikapo hulala katika jengo la Chungking Mansions, pale Nathan Road, Tsim Sha Tsui, mahali ambapo mtu huweza kusalimiwa kwa Kiswahili kabla hajaifikia lifti. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba nivitakavyo haviko Tsim Sha Tsui, na kwamba nipande treni ya mstari mwekundu iendayo Tsuen Wan, nihesabu vituo na nishuke cha tano.

"Na ukitaka kula, mwanangu, kula hapa kabla hujatoka," aliongeza, "kwa sababu huko uendako hutapata biriani."

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mjomba, pamoja na miaka yake yote ya kuja Hong Kong, hajapata kula kitu chochote kilichopikwa nje ya majiko ya Kihindi na Kipakistani yaliyo chini ya jengo lile.

Sham Shui Po iko kaskazini-magharibi mwa Kowloon, nayo ina tabia moja ambayo mfanyabiashara huipenda na mtalii huenda ikamchosha: kila barabara imejichagulia bidhaa yake. Ki Lung Street ni ya vitambaa, vifungo na zipu. Yu Chau Street ni ya shanga. Nam Cheong Street imetundika utepe na lesi kama nguo zilizoanikwa. Tai Nan Street ni ya ngozi. Na Apliu Street, ambayo jina lake lina maana ya mabanda ya bata, leo ni ya simu zilizokwisha kutumika, nyaya, redio kuukuu, tochi, na rimoti zilizopotezana na televisheni zake. Maduka ya Ki Lung ni membamba kiasi kwamba bidhaa hukaa ndani na muuzaji hukaa nje. Mazungumzo ya bei hufanywa kwa kikokotoo: yeye anaandika tarakimu, wewe unafuta na kuandika yako, yeye anacheka na kuandika nyingine, na biashara inakwisha bila ya yeyote kati yenu kuelewa neno la mwenzake.

Siku ya kwanza nilizunguka tangu saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Mvua ikashuka ghafla, nami nikasimama chini ya turubai la mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza zipu kwa kilo, na ambaye nilikuwa nimekwisha kununua kwake mafungu matatu. Alinitazama miguu, akanitazama uso, kisha akakunja kiganja kikawa kama bakuli, akachota hewa kwa vidole vya mkono wa pili, akaipeleka kinywani na kufumba macho. Baada ya hapo akanyoosha mkono kuelekea Pei Ho Street. Sijawahi kupewa maelekezo ya wazi zaidi ya hayo kwa lugha yoyote.

Duka alilonielekeza linaitwa Kung Wo, liko Pei Ho Street katikati ya soko la mboga, samaki na nyama, na jina lake huhesabiwa umri tangu mwaka 1893. Mbele ya duka hukaangwa vipande vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, vilivyojazwa samaki aliyepondwa, na pembeni yake huuzwa tofu mbichi kwa akina mama wanaotoka sokoni na vikapu vyao. Harufu ya kikaango ilinivuta, lakini sikuwa na njia ya kuuliza samaki yule amechanganywa na nini, wala mafuta yale yalikaanga nini kabla yake, kwa hiyo nikapita nikaingia ndani. Hapo meza ni za kushirikiana: unakaa palipo na nafasi, magoti yako yakagusana na ya mtu usiyemjua, na hakuna anayeona ajabu. Nilichokijia hakina shaka yoyote, kwa kuwa kimetengenezwa kwa soya, maji, jasi na wanga kidogo, kisha kikatiwa sukari.

Jina lake kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa, ni dau fu fa, yaani ua la tofu. Mhudumu huichota kwa upawa bapa, usio na kina, na haichoti kwa kuchimba kama tunavyochota uji. Huikwangua kwa juu, tabaka jembamba baada ya tabaka, na kila tabaka hulilaza bakulini juu ya lingine. Nilipoiona nilifikiria shifoni nyeupe inavyojikunja yenyewe juu ya kaunta unapoiachia kutoka kwenye jora lake. Bakuli likaletwa likitikisika. Juu ya meza pana chombo cha sukari ya rangi kati ya manjano na kahawia, ambayo kwa ladha ni ndugu wa sukari guru iliyosagwa, nawe unajinyunyizia kadiri upendavyo. Sukari hiyo hukaa juu kwa muda mfupi, kisha hulowa na kuteremka pembeni ikifanya shira nyembamba. Maduka mengine hutoa shira iliyochemshwa kwa tangawizi, na siku ya baridi hiyo ndiyo ningeichagua.

Kijiko cha kwanza nilikitia mdomoni nikitarajia mtindi, nikashangaa kwamba hakuna uchachu. Kijiko cha pili nilitarajia kastadi, lakini hakuna yai, wala maziwa ya ng'ombe, wala vanila. Kilichopo ni harufu hafifu ya punje zilizopikwa, mfano wa ile inayobaki jikoni baada ya kunde kuiva, na ulaini ambao meno hayana kazi nao. Mzee aliyekaa mbele yangu aliniona nikikoroga, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alinionyesha kwa bakuli lake mwenyewe kwamba kijiko huingizwa ubavuni, huteleza chini ya tabaka, na hupanda na kipande kizima pamoja na shira yake. Dau fu fa ikikorogwa hugeuka maji na makombo. Nilimaliza bakuli hilo kwa adabu na nikaagiza la pili ili nirekebishe kosa, na bei ya mabakuli yote mawili kwa pamoja haikufikia ya kikombe kimoja cha kahawa katika migahawa mingi ya Tsim Sha Tsui.

Kamusi zetu zina neno kitindamlo, nami hulipenda, lakini hapa halikai vizuri. Watu waliokuwa ndani ya duka lile hawakuwa wakitindia mlo wowote. Mmoja alikuwa na sare ya kazi ya ujenzi, mwingine na kijana aliyetoka shule, mwingine na mfuko wa samaki anayemwaga maji chini ya meza. Walikuja kula kitu cha kutia nguvu kwa pesa kidogo, wakaondoka. Kama tungelazimika kuipatia jamaa katika vyakula vyetu, ningeiweka karibu na uji wa asubuhi au kikombe cha maziwa mala, huku nikijua kwamba utamu wake ungeihamishia upande wa faluda.

Fundi haridhiki kuiona nguo mpaka aigeuze ndani atazame mshono. Siku iliyofuata nilirudi kwa mama wa zipu, nikamkuta na binti yake ambaye yuko chuoni na anazungumza Kiingereza kizuri, na kwa kupitia kwake nikapata darasa zima, kwa kuwa mama yule alipokuwa msichana alikuwa akiitengeneza nyumbani kwao pamoja na bibi yake. Soya hulowekwa usiku kucha, au saa chache zaidi wakati wa baridi. Asubuhi husagwa pamoja na maji, zamani kwa jiwe na siku hizi kwa mashine, kisha uji ule hutiwa katika kitambaa na kukamuliwa. Binti alipokuwa akinieleza sehemu hii kwa mikono nilicheka, nikamwambia kwamba hakuna haja ya kuendelea, kwa maana huko kwetu kila mtoto wa kike amekamua tui la nazi kwa kifumbu, na hata yale mabaki makavu yanayosalia kwenye kitambaa sisi tuna neno lake tayari, ambalo ni machicha. Tofauti ni kwamba tui la nazi waweza kulionja papo hapo, ilhali maziwa ya soya yasiyopikwa huchafua tumbo, na ni lazima yachemshwe vya kutosha huku mtu akisimama juu ya sufuria, kwani hufura na kumwagika bila ya kutoa onyo.

Halafu huja jambo ambalo ndilo hasa linaloitwa dau fu fa. Jasi iliyochomwa na kusagwa hukorogwa katika maji pamoja na wanga kidogo, mchanganyiko huo ukawekwa chini ya ndoo au pipa la mbao, na maziwa yakiwa bado ya moto sana humwagwa ndani yake kutoka juu, yote kwa mara moja, kwa nguvu. Kikantoni hutumia hapa kitenzi chenye maana ya kugonga: maziwa huigonga jasi. Mgongano huo ndio unaochanganya, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kukoroga. Povu la juu huenguliwa, pipa hufunikwa, na kwa muda wa robo saa hivi huachwa bila ya kuguswa. Mama wa zipu alisema kwamba bibi yake alikuwa akiwafukuza watoto wote jikoni ili miguu yao isiitikise sakafu. Kinachotendeka ndani ya pipa ni kwamba protini za soya, ambazo moto umekwisha kuzikunjua, hushikanishwa na kalsiamu iliyo katika jasi, zikafanya wavu mlaini mno unaoyabeba maji ndani yake. Jasi ikipungua, wavu haushiki. Ikizidi, wavu hukaza, ukawa mgumu na wenye ladha ya chaki.

Neno jasi lilinipa shida kidogo, kwa sababu Mwafrika Mashariki wa leo akilisikia hutazama juu kwenye dari. Ni madini hayo hayo, yale yanayochimbwa Kilwa na Itigi kule Tanzania na kuingia katika saruji na mapambo ya sebule, isipokuwa kwamba ya kula husafishwa na kutayarishwa kwa ajili ya chakula, na msomaji wangu nakuomba usiende kukwangua ukuta. Kaskazini mwa China hupendelea kugandisha kwa maji ya chumvichumvi yanayobaki baada ya chumvi ya bahari kuvunwa, na matokeo yake huwa magumu zaidi. Kusini ni nchi ya jasi, na ulaini huu ni wa kusini.

Tofauti ya kaskazini na kusini haiishii hapo. Watu wa kaskazini hukiita chakula hiki ubongo wa tofu, na hukila asubuhi kikiwa cha chumvi, pamoja na mchuzi mzito na mboga. Watu wa Sichuan hukitia pilipili. Watu wa Guangdong na Hong Kong hukitia sukari. Na kila upande huuonea mwingine huruma. Nilipomuuliza binti maoni yake kuhusu ile ya chumvi alinijibu kwa heshima kwamba kila mtu ana nchi yake. Wahenga wa Kichina humhusisha Liu An, mwana wa kifalme wa Huainan aliyeishi katika karne ya pili kabla ya Kristo, na uvumbuzi wa tofu. Hiyo ni hadithi zaidi kuliko historia, na mimi hainisumbui, kwa kuwa hata kwetu kila pishi kubwa lina sharifu au sultani wake. Jambo lenye ushahidi wa wazi zaidi ni kwamba wahamiaji wa kusini mwa China waliibeba kazi hii kila walikokwenda. Malaysia na Singapore huila ikiwa na shira, Indonesia huila katika maji moto ya tangawizi, na Ufilipino huiita taho, ambayo wauzaji huitembeza alfajiri katika ndoo mbili za bati zilizoning'inizwa kwenye mti begani.

Wameibeba kazi, lakini chakula chenyewe hakibebeki, na hilo nilijifunza kwa gharama yangu. Jioni ya siku ile nilinunua dau fu fa katika kopo la plastiki lenye kifuniko, nikiwa na nia ya kumpelekea mjomba. Nilisimama kwenye treni vituo vitano nikiwa nimelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba taa ya chemni, nikapita Nathan Road katika ule umati, nikapanda lifti. Tulipolifungua, nusu yake ilikuwa maji. Nyama yake nyeupe ilikuwa imepasuka na kujikunyata, na shira imekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa. Mjomba alichungulia, akaniuliza kwa upole kama hicho kitu kiliharibika au ndivyo kilivyo.

Faluda yetu ya kugandishwa kwa agar-agar unaweza kuitia kwenye bakuli, ukapanda nayo matatu kutoka Mombasa hadi Malindi, na ukamfikia mgonjwa nayo ikiwa imesimama wima. Wavu wa dau fu fa ni dhaifu mno kwa safari. Ukitikiswa huachia maji, na ukikaa sana huachia maji pia, ndiyo maana maduka huigandisha kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kuimaliza yote asubuhi. Jambo hili lilinishika kuliko ladha yenyewe. Nilikuwa katika mtaa ambao kila kitu kilichopo kimewekwa ili kiondoke: vifungo vyangu vilikuwa njiani kwenda Mombasa, simu za mjomba zilikuwa njiani kwenda Eastleigh na Kariakoo, na duka la jirani lilikuwa likifunga katoni za shanga kwa mtu ambaye naamini alikuwa wa Amerika ya Kusini. Katikati ya haya yote kuna chakula kimoja ambacho ukikitaka ni lazima uketi pale pale kilipogandia.

Kwa hiyo nikakaa. Katoni zangu zilikuwa kwa wakala wa mizigo zikisubiri kupimwa, nilikuwa na siku tatu za bure, na nilizitumia zote ndani ya mtaa ule.

Sham Shui Po maana yake ni gati la maji marefu, na mgeni anaweza kutembea kutwa nzima bila ya kuyaona maji hayo, kwa sababu ufuo wa zamani umefukiwa na mji ukasonga mbele. Majengo ya zamani yana duka chini na makazi juu, na ghorofa ya kwanza hutokeza mbele ikaifunika njia ya waendao kwa miguu, mpango mzuri ambao mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa atautambua akinyeshewa. Ukiinua macho utaona kwamba vyumba vya juu vimegawanywa, kisha migawanyo yake ikagawanywa tena. Wilaya hii ni miongoni mwa zilizo maskini zaidi Hong Kong, na wapo watu humo ambao chumba chao chote hakizidi kitanda na mahali pa kuwekea viatu. Sitaki kulipamba jambo hilo. Ila linaeleza kwa nini meza za Kung Wo hazina anayekaa kwa kujinyoosha, na kwa nini chakula cha soya kimekuwa na heshima kubwa hivi hapa: punje ni za bei nafuu, zina protini nyingi, na kutokana nazo hutoka maziwa ya kunywa, tofu ya mboga, tofu ya kukaanga na ua la tofu, bila ya kuhitaji jokofu ikiwa vyote vitaliwa siku hiyo hiyo.

Namna watu walivyojaa hapa ina tarehe zake. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Hong Kong ilikuwa na watu wapatao 600,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamezidi milioni 2, wengi wao wakiwa wamevuka mpaka kukimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China na mabadiliko ya mwaka 1949, Wakomunisti waliposhika madaraka. Waliojenga vibanda vya mbao na mabati kwenye miteremko ya Shek Kip Mei, upande wa juu wa mtaa huu, waliunguliwa usiku wa tarehe 25 Desemba 1953, na zaidi ya watu 50,000 wakaamka bila paa. Serikali ya kikoloni, ambayo kabla ya hapo haikuwa na pupa ya kuwajengea wahamiaji, ililazimika kuanza. Jengo moja la kizazi kile cha kwanza limebaki, nalo linaitwa Mei Ho House, la mwaka 1954, lenye umbo la herufi H, ambalo tangu 2013 ni hosteli ya wasafiri yenye makumbusho madogo ndani yake.

Nilikaa makumbusho yale kuliko nilivyokusudia. Wameonyesha namna familia zilivyoishi: chumba cha futi za mraba 120 kwa watu wazima watano, na mtoto aliye chini ya miaka 10 akihesabiwa kuwa nusu mtu, huku vyoo na mabomba ya maji yakiwa ya wote, katika ule mstari wa katikati wa herufi H. Nilipiga hesabu pale pale, nikaona kwamba futi 120 ni kumi kwa kumi na mbili, chumba cha kupanga cha Kisauni, Majengo au Manzese, na ile njia ya katikati yenye bomba moja na foleni ya ndoo haikuhitaji maelezo. Mama mkubwa wangu alilea watoto sita katika chumba cha vipimo hivyo. Cherehani ilikuwa miguuni pa kitanda, na hapo ndipo nilipojifunza kutunga uzi.

Cherehani zilikuwapo hapa pia. Wahamiaji wale na watoto wao ndio walioshona mashati na suruali za Hong Kong kwa miongo kadhaa, vyumbani na katika viwanda vya Sham Shui Po na Cheung Sha Wan, mpaka viwanda vilipoanza kuhamia ng'ambo ya mpaka katika miaka ya 1980. Kushona kukaondoka, na maduka ya vifungo, zipu na utepe yakabaki pale yalipokuwa. Nilipolielewa hilo nilizitazama upya kadi za sampuli za Ki Lung Street, zile ambazo vifungo vimeshonewa kwa mkono kwa mistari iliyonyooka. Mama wa zipu alikuwa ameniambia kwamba alianza kazi kwa kukata nyuzi za mashati akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kwamba dau fu fa ilikuwa ndiyo malipo aliyojilipa mwenyewe kila Jumamosi.

Nyuma ya Mei Ho House kipo kilima cha ngazi nyingi ambacho watu hukiita Garden Hill, kwa sababu ya kampuni ya mikate ya Garden iliyo chini yake. Nilikipanda karibu na magharibi. Juu yake walikuwapo vijana na kamera zao, wazee wawili wakinyoosha viungo, na mtu mmoja aliyekuja na redio. Chini yetu mitaa niliyoitembea ilinyooka kama mikunjo ya pasi, taa zikawaka moja moja, na juu ya mapaa ya majengo mafupi nikaona vyumba vingine vilivyojengwa kwa mabati, na nguo zimeanikwa. Nilijaribu kuitafuta Pei Ho Street kwa mvuke wake, jambo la kijinga, kwani mji wote ulikuwa na mvuke.

Siku ya mwisho mjomba alikubali kufuatana nami, akisema kwamba ana simu za kutazama Apliu Street. Simu hizo zilimchukua nusu saa. Nilimkalisha Kung Wo meza ya kona, kati ya bibi mwenye mfuko wa mboga na mwanafunzi aliyekuwa akisoma, nikamwagizia bakuli la moto. Alitia sukari vijiko vinne. Nikamzuia mkono alipotaka kukoroga, nikamwonyesha namna ya kuingiza kijiko ubavuni, na yule bibi aliyekuwa pembeni akatikisa kichwa kunikubalia.

Mjomba alikula kimya. Alipofika nusu alisimama, akalitazama bakuli, akasema, "Hii, mwanangu, ingetiwa hiliki kidogo tu." Kisha akaendelea mpaka likaonekana ua lililochorwa chini ya bakuli, akalisogeza tupu upande wangu, na kuniuliza hapa mtu huagizaje la pili.